Laini ya Ng'ambo

Nikisikia mtu anataja "kufanya kazi nyumbani" kwa ile sauti laini ya mikutanoni, damu inanichemka. Nyumbani kwa nani? Wanaoyapenda maneno hayo wana chumba chenye mlango na ufunguo, meza yao wenyewe, umeme usioenda matembezi, na mtandao ambao hawajawahi kupanda juu ya kiti kuutafuta. Sisi wa Goma tuliambiwa asubuhi moja tubebe kompyuta zetu twende nazo kwetu, basi. Na aliyetakiwa kuzigeuza nyumba zetu kuwa ofisi nilikuwa mimi.

Nilikuwa fundi wa kompyuta wa shirika linalopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya barabara ya Rutshuru. Fundi peke yangu, kwa watu kumi na wanne. Baada ya zile siku mbaya za vita ambazo kila mtu wa Goma anazijua na ambazo sitazisimulia hapa, jengo letu lilifungwa. Ofisi yetu kuu iko Kinshasa, na huko ndiko alikokaa mtu nitakayemwita Mkuu, msimamizi wa usalama wa kompyuta zote za shirika. Hakuwahi kukanyaga Goma. Nilimjua kwa uso wake wa kwenye skrini, ukuta mweupe nyuma yake, na tabia yake ya kusema "c'est simple", ni rahisi, kabla ya kila jambo gumu.

Mkuu aliagiza kila mfanyakazi awekewe VPN. Kwa asiyeijua, ni njia ya siri inayopita ndani ya mtandao wa watu wote: wewe uko nyumbani, lakini kompyuta yako inaingia ofisini kana kwamba umekaa kwenye kiti chako cha zamani, na hakuna wa kuchungulia njiani. Unaandika jina lako, unaandika neno la siri, simu yako inapokea namba sita, unaziandika nazo, mlango unafunguka. Bila hiyo hakuna kazi. Na asiyeonekana ndani kufikia saa mbili na nusu asubuhi anahesabiwa kuwa hakuja.

Walitutumia maelekezo ya Kifaransa, kurasa thelathini na kitu, na ukurasa wa kwanza una picha ya mwanamke anayecheka peke yake mbele ya kompyuta. Sijui alikuwa anacheka nini. Wenzangu walisoma kurasa tatu wakaanza kunipigia simu wote kwa pamoja. Nikapanda pikipiki, nikaenda nyumba kwa nyumba. Katoyi nilikuta mwenzetu ameweka kompyuta juu ya cherehani ya mke wake, na kila mke akitaka kushona, kazi ya shirika inasimama. Ndosho nilikuta mwingine amepewa pembe ya jikoni, makaa upande huu, ripoti upande ule. Wote niliwaunganisha. Nilikuwa najivuna, nikubali tu. Nilirudi kwangu Majengo na vumbi jeusi mpaka ndani ya masikio, nikajisikia mtu wa maana.

Wa mwisho alikuwa mama aliyepokea maagizo ya dawa. Yeye alikaa Birere, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, mfanyabiashara aliyetoka Maniema zamani, hatua chache kutoka mpaka wa Rwanda. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, Mwislamu wa swala tano, na ndani ya shirika hakuna aliyemzidi kwa miaka. Vituo vya afya vilimtumia maagizo kwa picha za simu, karatasi zimekunjwa, maandishi yamepinda, na yeye aliyajua maandishi ya kila muuguzi kama anavyojua sauti za watoto wake. Alijua kwamba muuguzi wa Kalengera akiandika kumi ana maana ya makatoni, na yule wa Kiwanja akiandika kumi ana maana ya chupa. Hilo halikuandikwa popote. Lilikuwa kichwani mwake, na dawa zilifika kwa sababu lilikuwa kichwani mwake.

Alinipokea kwenye baraza.

"Ikala, papa," akaniambia, akinisogezea kiti. "Angalia mwenyewe. Iyi réseau iko inacheza na mi tangu asubui."

Ilikuwa kweli. Birere nyumba zimebanana, mabati kwa mabati, na mtandao wetu ulikuwa unakuja dakika mbili unaondoka kumi. VPN haivumilii mchezo huo. Ikikatika, unaanza upya: jina, neno la siri, namba sita. Tulianza upya mara saba. Mara ya nane nilifungua mkoba wangu, nikatoa laini ya Rwanda.

Hapa msomaji wa mbali lazima anielewe, kwa sababu wa Kinshasa hawakutaka kunielewa. Goma, hasa karibu na mpaka, watu wana laini mbili kwenye simu: moja ya hapa, moja ya ng'ambo. Ya hapa ni ya kupigiwa na ndugu. Ya ng'ambo ni ya mtandao, kwa sababu minara yao iko pale pale, inaonekana kwa macho, na inashika vizuri. Huko Birere hata usipokuwa nayo, unaweza kuwa jikoni unamenya ndizi na simu inakuletea ujumbe wa kukukaribisha Rwanda. Mpakani binadamu anapanga mstari na kuonyesha jeton, karatasi yake ya kuvukia. Mtandao hauonyeshi kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa na laini ile miaka minane mkobani na sikuwahi hata siku moja kuifikiria kama kitu cha kigeni, kama vile mtu asivyofikiria uraia wa sabuni anayoogea.

Nikaichomeka katika nafasi ya pili ya simu yake, ile inayoipa kompyuta mtandao. Ya hapa ikabaki katika nafasi ya kwanza, ili ipokee zile namba sita. Mlango ukafunguka papo hapo, na haukukatika tena.

Mama aliangalia skrini, akaniangalia mimi.

"Iyi carte ya ng'ambo haitaniletea maneno?"

"Hapana, mama. Batu bote banaitumikisha."

"Kama njo wewe unasema, mi sina neno."

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyasikia mara nyingi mno tangu siku ile. Aliuliza. Mtu mzima, mwenye akili zake, aliuliza swali lililotakiwa kuulizwa, na mimi nililipuuza kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Kwa wiki sita kila kitu kilikwenda vizuri. Mama alikuwa wa kwanza kuonekana ndani kila asubuhi, kabla ya saa mbili. Maagizo yalipita, magari ya dawa yaliondoka, Mkuu alinitumia barua pepe ya kusema Goma ni mfano wa kuigwa. Kisha akatuma fomu.

Ilikuwa fomu fupi. Mkuu alitaka kufunga VPN kwa nchi, maana yake mashine ingemkubali tu anayeingia kutoka nchi zilizotajwa, na wengine wote ingewarudisha. C'est simple, akasema. Kwenye fomu kulikuwa na swali: wafanyakazi wangapi wa ofisi yako wanafanya kazi wakiwa nje ya nchi? Nikaandika sifuri. Nchi zinazoruhusiwa? Nikaweka alama kwenye Kongo peke yake. Nilifanya hivyo nikiwa nimesimama, kikombe cha chai mkononi, na sikufikiri hata muda wa kumeza.

Sifuri ile ilikuwa kweli. Hicho ndicho kinachonikasirisha mpaka leo. Hakuna mtu wetu hata mmoja aliyekuwa nje ya nchi. Waliuliza kuhusu watu, nikajibu kuhusu watu, na mashine yenyewe haijui watu, inajua laini. Fundi wa Kinshasa angekosea hivyo tungesema hajui kwetu. Mimi nimekulia hapa, nimefuata mtandao wa ng'ambo tangu ujana wangu, na laini yenyewe ilitoka mkobani mwangu.

Ufungaji ulianza kazi Jumatatu. Saa moja na dakika hamsini mama alinipigia.

"Papa, inanikatala. Inaandika accès refusé."

"Andika tena mot de passe, mama. Polepole."

Akaandika. Ikakataa. Nikambadilishia neno la siri. Ikakataa. Nikamwambia azime, awashe. Nikamwambia aifute programu, aiweke upya, nikimwelekeza kwa simu neno kwa neno. Ikakataa, ikakataa. Wenzetu wengine wote walikuwa ndani, kwa sababu wao wanakaa mbali na mpaka na walikuwa wanatumia laini za hapa; kwa hiyo mimi, na akili zangu zote, nikaamua kwamba kosa ni la mama. Nilifikiri anakosea herufi. Nilianza hata kumsemesha kama watu wanavyowasemesha wazee mbele ya mashine, kwa sauti ya juu na maneno mafupi. Yeye hakulalamika. Alijaribu kila nilipomwambia ajaribu, Jumatatu nzima na Jumanne asubuhi.

Jumanne saa sita mchana alipata barua. Haikutoka kwa Mkuu peke yake, ilitoka kwa ofisi ya wafanyakazi, na nakala ikaja kwangu. Ilisema kwamba mashine imeandika majaribio kumi na tisa ya kuingia katika mtandao wa shirika kutoka nchi ya kigeni kwa jina lake. Ilisema anashukiwa kuacha kituo chake cha kazi bila ruhusa na kuhamia nje ya nchi, na kuhatarisha habari za shirika. Anasimamishwa. Ana siku tano za kujieleza, na asipojieleza anahesabiwa ameacha kazi mwenyewe.

Kumi na tisa. Kila jaribio kati ya yale kumi na tisa nililiagiza mimi, kwa sauti yangu, nikiwa nimeshika simu.

Alasiri ile niliketi nikafungua kumbukumbu za mashine, na pale, mstari kwa mstari, niliona neno Rwanda, Rwanda, Rwanda, na jina lake mbele. Nilielewa kila kitu kwa pamoja. Nilielewa laini, fomu, sifuri, majaribio. Jua lilikuwa bado halijazama. Naitaja saa hiyo kwa sababu ina maana katika habari hii.

Nitasema na kilichofuata, ingawa sipendi kukisema. Niliogopa. Kanuni za shirika zinakataza fundi kumpa mfanyakazi laini yoyote isiyotoka ofisini, na mimi nilikuwa nimetia sahihi chini ya kanuni hizo. Nilijiambia nisikurupuke. Nilijiambia kuna njia ya kumtoa mama bila kujiingiza mimi. Uoga ukiwa na elimu kidogo unapata maneno mazuri sana ya kujifunika.

Jumatano asubuhi nilimwandikia Mkuu. Nilieleza jiografia ya Goma kwa aya nne, minara, mpaka, jinsi simu inavyoweza kushika mtandao wa jirani. Barua ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa kitu kimoja, nacho ni kwamba ile laini niliitoa mimi, na mama yuko kwenye baraza ya baba yake kama alivyokuwa siku zote.

Mkuu alinipigia kwa video. Ukuta mweupe, shati safi.

"Nimesoma," akasema kwa Kifaransa chake cha kunyooka. "Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba amehama. Ana ndugu upande ule?"

Nilitamani kuingia ndani ya skrini. Nani Goma hana mtu upande ule? Watu wamesoma kule, wameoa kule, wamezika kule, wanakwenda asubuhi na mchele wanarudi jioni na maziwa. Swali hilo, miaka hii, katika mji huu, si swali la kumuuliza mtu kwa shati safi. Hapa mtu akinong'onezwa kwamba ni wa upande fulani, haulizwi tena kitu. Nilimwambia kwamba maneno hayo ni hatari. Akasema hakuna haja ya kupandisha sauti.

"C'est simple. Aende kwa mkuu wa mtaa wake, amwandikie cheti cha makazi, kwamba yuko Goma na hayuko Rwanda. Anitumie picha ya cheti. Tunafunga faili hili."

Asubuhi hiyo hiyo nikapanda pikipiki mpaka Birere. Mama alikuwa kwenye baraza, kompyuta imefunikwa na kitambaa cheupe, simu kando yake. Simu ilikuwa inalia kila baada ya muda, na yeye haikamati. Ni wauguzi, akasema, wanauliza maagizo yao, na yeye hana la kuwaambia. Nilimweleza habari ya cheti. Alinimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Niende kwa chef d'avenue nimuambie nini?" akaniuliza. "Aniandikie karatasi ya kama siko Rwanda? Mbele akamate bic ya kuandika, avenue yote itakuwa inajua kama banasema niko Rwanda. Na wewe unajua hizi siku tuko ndani ya nini."

"Najua, mama."

"Mi niko na batoto hapa. Baba yangu alikufia mu iyi nyumba. Niombe karatasi ya kusema niko mu nyumba yangu?"

Alisema hayo bila kupaza sauti, na ilikuwa vibaya zaidi hivyo. Kisha akaniuliza swali moja tu la kazi: kama ni ile laini. Alilikisia mwenyewe. Mimi nikasema, na mikono yangu ikiwa inashughulika na kitambaa cha kompyuta, kwamba bado ninachunguza.

Nikisimulia hapa watu huwa wananiacha niendelee na hasira zangu juu ya Mkuu, juu ya fomu, juu ya shati lake. Nami naendelea, kwa sababu anastahili. Lakini pale kwenye baraza hapakuwa na Mkuu. Alikuwepo mama, nilikuwepo mimi, na nilimdanganya mtu mzima machoni pake ndani ya nyumba yake, baada ya kunywa chai yake.

Sikulala vizuri, na Alhamisi asubuhi nikampigia Mkuu kabla hajanywa kahawa. Nilisema yote. Laini ni yangu. Mimi niliichomeka. Mimi niliandika sifuri bila kufikiri. Majaribio kumi na tisa niliyaagiza mimi. Mama hajatoka Birere hata siku moja, na kama kuna mtu wa kusimamishwa, anisimamishe mimi.

Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

"Ungesema hivi jana," akasema.

"Nasema leo. Ana siku tano."

"Siku tano ni utaratibu wa kwenye barua. Maagizo ya dawa hayawezi kungoja siku tano. Jana jioni nafasi ile imehamishiwa hapa Kinshasa, mtu ameshapangwa, mkurugenzi ameshatia sahihi. Barua ya kumaliza mkataba imetoka jana. Tulikuwa tunangoja maelezo, tukapata somo la jiografia."

Nilipaza sauti. Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka nilimuuliza kama mtu aliyepangwa anajua kuisoma kumi ya Kalengera, na akaniuliza Kalengera ni nini. Nakumbuka nilimwambia aandike katika faili kwamba kosa ni langu. Akasema ataandika. Akasema pia kwamba nisirudie, kwamba anathamini ukweli wangu, na kwamba haingefaa nami kuondoka wakati huu kwa sababu Goma haina fundi mwingine. Mimi sikuandikiwa hata barua ya onyo. Aliyeuliza kabla ya kuitumia laini amefukuzwa, na aliyesema haina neno ameshukuriwa kwa uwazi wake.

Tena akanituma. Shirika lilitaka kompyuta yake irudishwe, na anayekwenda nyumba kwa nyumba ni mimi. Wiki ile ile yule mpya wa Kinshasa alinipigia kuniuliza kama Kiwanja na Kalengera ni kituo kimoja chenye majina mawili. Nilimjibu vibaya, na ilibidi nimwombe radhi, maana naye hana kosa.

Nilikwenda Birere Ijumaa, baada ya swala ya mchana, nikijua mama atakuwa amerudi msikitini. Barua ya kufukuzwa ilikuwa mezani, imefunguliwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima nilikuwa nayatamani, maana mtu akikutukana angalau mnakuwa wawili. Nilimwambia kila kitu nilichomwambia Mkuu, kwa mpangilio uleule, sikuacha neno. Nilimwambia amepoteza kazi kwa mkono wangu. Aliniacha nimalize.

Kisha akasogeza barua, akaweka kidole chini ya tarehe.

"Ulijua tangu siku gani kama ni ile carte?"

"Tangu mardi, mama, Jumanne. Mangaribi haijafika."

"Na hapa njo ulikuja siku gani, ukanywa chai?"

"Mercredi. Jumatano, asubui."

"Na barua yao ni ya mercredi mangaribi."

"Ndiyo, mama."

Alitikisa kichwa, si kwa kunikataa, kama mtu anayekubali tu kwamba siku zimekaa sawa. "Basi mardi nilikuwa ningali na kazi yangu," akasema. "Na mercredi, wakati ulikuwa hapa, nilikuwa ningali nayo."

Akaenda ndani. Alirudi na chaja ya kompyuta, waya wake ameuzungusha vizuri na kuufunga kwa kamba ya kitambaa, na simu yake mkononi. Akafungua ile nafasi ya pili, akaitoa laini, akaiweka juu ya barua, mbele yangu.

"Iyi ni yako," akasema, akaingia kuwapigia wauguzi simu, mmoja mmoja, kuwaambia wasimtumie maagizo tena.